Kulwa anakohoa makohozi zaidi ya mwezi na nusu, bibi yake anataka akatwe kimeo. Naombeni ushauri

MamaMapacha

Habari zenu wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Niko Tabora mjini, Isevya. Nina mapacha, Kulwa na Doto, wavulana, wameshafikisha miaka mitatu. Mwezi wa sita baridi ilipokaza wote wawili walishikwa na mafua. Doto akapona ndani ya wiki moja hivi, akarudi kwenye michezo yake. Kulwa mafua yaliisha, kikohozi kikabaki, na sasa ni zaidi ya mwezi na nusu.

Kikohozi chenyewe ni cha majimaji. Ukimwekea kiganja mgongoni unasikia kitu kinatikisika ndani. Kinambana zaidi alfajiri akiamka: anakohoa mfululizo mpaka macho yanakuwa mekundu, anatapika makohozi mazito ya njano, halafu anatulia na kuomba uji. Mchana anacheza, ila akikimbia sana kinarudi. Homa hana.

Dawa za maji za kikohozi za duka la dawa ametumia za kila aina. Kituo cha afya alipewa amoksilini za kuyeyusha za siku tano, akapata nafuu kabisa, nikamshukuru Mungu. Haikupita wiki kikarudi. Akapewa tena zile zile, ikawa vile vile. Safari ya mwisho wakasema huenda ni pumu, wakamwandikia salbutamoli. Kikohozi hakikubadilika, ila mikono ilikuwa inamtetemeka.

Sasa mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, amemmulika mdomoni kwa tochi ya simu na kusema kimeo kimerefuka mpaka kinagusa ulimi, ndicho kinachomkohoza. Ameshaongea na mzee mmoja anayekata, tumpeleke Jumamosi. Mimi moyo wangu haukubali. Lakini nimjibu nini, wakati dawa zote za hospitali amemeza na bado anakohoa? Mume wangu yuko Kaliua, masoko ya tumbaku hayajaisha, anasema tuelewane huku huku.

Hiki ni kitu gani jamani? Nikaombe vipimo gani?

Mnyamwezi_Halisi

Pole sana dada. Usimdharau mama mkwe. Mimi nilikatwa kimeo nikiwa mdogo na ndugu zangu wote tulikatwa, tuko wazima. Hospitali kimeo hawakijui, watakuzungusha na dawa mpaka mtoto akonde. Tafuta mkataji mwenye mkono mzuri tu.

NesiWaZamu

Najibu hili kabla Jumamosi haijafika.

Mama Kulwa, usikubali. Nimepokea watoto usiku wameletwa wakiwa na khanga zilizolowa damu baada ya kukatwa kimeo. Mtoto wa miaka mitatu hana damu nyingi mwilini, na ile anayoimeza huioni. Unakuja kuiona akitapika vipande vyeusi. Wembe au ule ujiti wenye ncha kali umeshapita kwenye vinywa vingapi? Hapo kuna pepopunda, kuna VVU, kuna homa ya ini. Na kidonda cha koo kikioza mtoto hamezi hata maji.

Halafu tuseme ukweli wa mwili wenyewe. Kimeo kila mtu anacho. Kazi yake ni kusaidia chakula na maji visipande puani tunapomeza. Mtoto akifunguliwa mdomo kwa nguvu huku analia, ulimi unapanda, kimeo kinashuka, lazima kitaonekana kirefu. Mmulike Doto leo jioni ukaone. Makohozi ya njano anayotapika Kulwa yanatoka chini kwenye njia za mapafu, na hata ukikata kimeo chote yataendelea kutengenezwa huko huko.

Ndugu Mnyamwezi_Halisi, nafurahi kwamba mlipona. Kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto huisha chenyewe ndani ya wiki mbili hadi tatu, akatwe asikatwe. Waliotokwa damu mpaka wakafa hawapo humu kuandika.

Tabibu_Sikonge

Pole mama. Umeeleza vizuri sana, na maelezo kama haya ndiyo yanayomsaidia daktari kuliko dawa kumi za kubahatisha. Kabla sijasema neno naomba unijibu haya, andika hata kwa kifupi.

Kikohozi kilianza na mafua taratibu, au kuna siku alipaliwa na kitu, karanga, punje ya mahindi, maharage, akakohoa ghafla mpaka akageuka rangi? Akila au akinywa huwa anapaliwa? Amewahi kukohoa damu? Uzito ukoje kwenye kadi ya kliniki, unapanda, umelala, au umeshuka? Jasho la usiku? Je, kifua kinapiga filimbi? Katika kukohoa kwake kuna siku ameamka mkavu kabisa bila makohozi?

Chanjo zote alimaliza? Ameshapimwa VVU na selimundu? Ndani ya nyumba kuna mtu mzima anayekohoa?

Na kwa kuwa una mapacha, fanya kitu kimoja ambacho wazazi wengine hawawezi. Waweke Kulwa na Doto mkono kwa mkono, tazama ncha za vidole na kucha. Za Kulwa zimevimba au kucha zimepinda kwenda chini kuliko za mwenzake?

KijanaWaIpuli

Asali ya Tabora na ndimu asubuhi na jioni. Tiba ipo mlangoni.

NesiWaZamu

Asali inatuliza koo na kikohozi cha usiku, na Kulwa umri wake unaruhusu. Naongeza kwa wengine wanaosoma: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvidhibiti, vikatoa sumu ya kupooza misuli. Ila mtoto wa kikohozi cha mwezi na nusu hatumwachi na asali tu.

MamaMapacha

Asanteni sana. Nesi nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo umenitetemeka.

Tabibu, majibu ni haya. Kilianza na mafua, kupaliwa sijaona wala bibi yake hajaona. Akila hapaliwi. Damu hapana. Kadi yake: Doto ana kilo 14, Kulwa alikuwa 13.4 mwezi wa tano, juzi alikuwa 13.3. Jasho sioni la kutisha. Filimbi sisikii, nasikia kukoroma kwa makohozi. Hakuna siku ameamka mkavu, kila asubuhi ni majimaji. Chanjo amemaliza zote, kovu la BCG lipo begani. VVU tulipimwa kliniki mimi nikiwa mjamzito, nilikuwa salama. Yeye mwenyewe hajapimwa, selimundu pia hajapimwa.

Vidole nimewalinganisha wakiwa wamelala. Viko sawa.

Mtu mzima anayekohoa yupo. Babu yao, baba mkwe wangu, anakohoa miaka. Alikuwa anakausha tumbaku kwenye mabani Urambo, kila mtu anasema ni moshi wa mabani.

NesiWaZamu

Kulwa analala wapi na Doto analala wapi?

MamaMapacha

Doto analala na mimi. Kulwa ni mtoto wa bibi, analala chumba cha bibi na babu.

Tabibu_Sikonge

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Sisemi ni kifua kikuu. Nasema mtoto mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, uzito umesimama, na analala chumba kimoja na mtu mzima anayekohoa, hawezi kupewa dawa nyingine yoyote kabla TB haijatafutwa. Na wa kuanza naye ni babu. Akohoe asubuhi kwenye kikopo, makohozi yapimwe kwa GeneXpert, ile mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Kipimo ni bure, na akikutwa nayo dawa ni bure.

Kovu la BCG lisikupe usingizi. BCG inamkinga mtoto hasa na zile TB kali za uti wa mgongo na ubongo, au ikisambaa mwili mzima. Ya mapafu anaweza kuipata na kovu lake.

Kwa Kulwa mwenyewe kazi ni ngumu kidogo. Watoto wadogo hawatemi, wanameza, na TB yao huwa na vijidudu vichache. Kwa hiyo mnaweza kuombwa choo. Usishangae: makohozi aliyomeza yanapita tumboni, na choo kinapimwa kwa mashine ile ile. Atapigwa picha ya kifua. Kipimo kikisema hakuna, daktari bado atajumlisha uzito, picha, na majibu ya babu ndipo aamue. Usikubali kuishia kwenye karatasi moja iliyoandikwa hasi.

Mwambie pia daktari apime VVU na selimundu. Ni tone la damu tu, na kila kimoja kikiwepo kinabadilisha namna ya kumtibu.

BabaZawadi_Urambo

Naomba niongezee kwenye suala la kupaliwa maana tabibu ameligusa. Binti yangu alikohoa hivi hivi, upande mmoja wa kifua ukawa unapumua vibaya, tukatibiwa nimonia mara nyingi. Ikaja kujulikana ni karanga imeingia kwenye njia ya hewa. Hatukuwepo siku alipopaliwa, alikuwa na dada yake mdogo. Picha ya kawaida haikuionyesha karanga. Tulipewa rufaa mpaka hospitali ya kanda Mwanza, wakaingiza mpira wenye kamera wakaitoa. Mama Kulwa waulize na watoto wenzake wanaocheza naye, usituulize watu wazima peke yetu.

MamaMapacha

Nimewauliza watoto wote wa uani. Hakuna aliyeona kitu. Asante sana, hilo sikuwa nimelifikiria.

Mrs_Nzega

Wangu ilikuwa pumu kweli, na nasema tofauti niliyoona. Kikohozi kilikuwa kikavu, kinakuja saa nane usiku, au akicheka, au vumbi likivuma. Filimbi unaisikia bila hata kifaa. Na dawa ya kuvuta kwa chupa ya kupumulia ikimgusa tu anapata nafuu hapo hapo. Ya Kulwa haifanani. Kuna watoto wengi wanabeba jina la pumu na hawana.

BibiWaNgambo

Mwanangu Mama Kulwa, mimi ni mtu mzima, nina wakwe pia. Hao waganga wamekushauri mambo ya dawa, mimi naongelea nyumba yako.

Usimwambie mama mkwe "hapana". Na usimsomee maneno ya kwenye simu, atasema watu wa mtandaoni wamekuzidi akili. Mwambie hivi: "Mama, wewe ndiye unayelala na Kulwa, wewe ndiye unayemjua anavyokohoa usiku. Twende wote hospitali ukamweleze daktari." Akishakaa mbele ya daktari akaulizwa yeye, akasikilizwa, hilo la kimeo litakufa lenyewe. Mwambie na daktari kwa pembeni kwamba nyumbani kuna habari ya kimeo, amwoneshe bibi koo la mtoto.

Kuhusu mzee, wewe mkwe usimwambie baba mkwe akateme makohozi kwenye kikopo. Ni aibu kwako na kwake. Mwanawe ampigie simu kutoka Kaliua. Aseme ni kwa ajili ya mjukuu, daktari ameomba. Mzee hatakataa kwa ajili ya mjukuu.

MamaMapacha

Mama, shikamoo. Nimesoma nikalia. Nitafanya hivyo hivyo.

KijanaWaIpuli

Marahaba ya bibi iwe ya sisi sote. Bibi umeua.

MamaMapacha

Wapendwa narudi na mrejesho.

Mume wangu alimpigia baba yake usiku ule ule, wakaongea muda mrefu, asubuhi mzee mwenyewe akaniuliza kikopo kiko wapi. Tulikwenda hospitali ya Kitete wote: mimi, bibi, babu na Kulwa. Bibi ndiye aliyeeleza kila kitu, mimi nikashika kadi na vile vikasha vya dawa alizotumia.

Daktari alimvua shati Kulwa na kumtazama kwa muda kabla ya kumgusa. Akahesabu pumzi kwa saa. Akamsikiliza mgongoni, akamwambia kohoa baba, akasikiliza tena, akamwita bibi avae zile mpira za masikioni asikie mwenyewe makohozi yanavyotembea chini kwenye mapafu. Kisha akachukua tochi akamwonyesha kimeo cha Kulwa, halafu akafungua mdomo wake yeye daktari, akamwonyesha na cha kwake. Bibi akasema, "Kumbe vyote vinaning'inia." Habari ya Jumamosi ikaishia pale.

Majibu ya babu: TB hakuna. Mapafu yamechoka kwa moshi wa mabani na msokoto, ameambiwa aache kuvuta na amepewa dawa zake. Kulwa: choo hakina TB, VVU hana, selimundu hana. Picha ya kifua daktari amesema haina dalili za TB wala nimonia, kuna njia za hewa zimenenepa kuta zake kidogo. Amesema inaelekea ni maambukizi ya bakteria yaliyokaa kwenye njia za hewa, akaandika Augmentin ya maji kwa wiki mbili kamili, turudi ikiisha. Amesisitiza hata akipona siku ya nne tuendelee.

Tabibu naomba unieleze, mbona ni antibayotiki tena? Si ndizo alizotumia?

Tabibu_Sikonge

Hongereni sana, na mpe mzee salamu zangu za heshima.

Swali lako ni zuri. Ugonjwa huu ni bronkaitisi ya bakteria ya muda mrefu. Dalili yake kubwa ni kikohozi chenye makohozi kila siku kwa zaidi ya wiki nne, kwa mtoto ambaye vinginevyo anacheza na hana dalili nyingine ya hatari. Anaanza na mafua ya virusi kama watoto wote, virusi vinaondoka, lakini vimeacha ule usafi wa njia za hewa umeharibika. Bakteria wanaokaa puani na kooni wanashuka na kujenga makazi. Wanaokutwa mara nyingi ni Haemophilus influenzae, Streptococcus pneumoniae na Moraxella catarrhalis.

Wakishakaa wanajifunika na utando unaoteleza, kama ule wa ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Dawa ya siku tano inaua walio juu, mtoto anapata nafuu, mama anashukuru, walio chini ya utando wanaibuka tena. Ndiyo ile nafuu uliyokuwa unaiona ikiondoka. Na kuna jambo la pili: baadhi ya bakteria hawa wanatengeneza kitu kinachovunja amoksilini. Dawa uliyopewa sasa ni amoksilini iliyoongezwa asidi ya klavulaniki, ambayo kazi yake ni kuzuia kile kivunjaji. Kwa hiyo ni ndugu ya ile ya kwanza, ila si yeye, na muda wake ni mrefu kwa makusudi.

Ulikuwepo utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012, watoto 50, nusu wakapewa dawa hii wiki mbili na nusu wakapewa maji yasiyo na dawa. Waliopewa dawa walipona asilimia 48, wasiopewa asilimia 16. Nakupa namba hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza, dawa inafanya kazi. Ya pili, ona kwamba wiki mbili hazikuwatosha wote. Ikifika siku ya mwisho Kulwa bado ana makohozi usikate tamaa wala usirudi kwa mzee wa kimeo. Rudi kwa daktari, huwa tunaongeza mpaka wiki nne. Ikizidi hapo ndipo tunatafuta mengine, kwa picha kubwa za kifua na ile kamera aliyoitaja Baba Zawadi.

Na hata akipona, hesabu. Hali hii ikimrudia zaidi ya mara tatu ndani ya mwaka asitibiwe kwa kubahatisha tena, lazima achunguzwe kwa kina. Makohozi yanayokaa mapafuni mwaka hadi mwaka yanazilegeza njia za hewa zikatanuka na zisirudi, na huo sasa ni ugonjwa wa maisha. Ndiyo sababu nawasumbua wazazi wasikizoee kikohozi cha majimaji.

MfamasiaMstaafu

Salaam. Naongezea la dawa yenyewe kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Ile ya maji inakuja ikiwa unga. Ukishaichanganya na maji inakaa siku saba tu, na ndani ya friji. Kwa hiyo kwa wiki mbili utakuwa na chupa zaidi ya moja: usizichanganye zote siku moja. Changanya ya kwanza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama, tikisa, ongeza tena mpaka alama. Ya pili iache unga mkavu mpaka ya kwanza iishe. Kila unapompa tikisa kwanza. Pima kwa kile kibomba, kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo. Kiasi ni kile alichoandika daktari kwa uzito wa Kulwa, usichukue cha Doto wala cha jirani.

Kama hamna friji mwambie mfamasia akutafutie vidonge vya aina hiyo vya kuyeyusha kwenye maji, vipo. Mpe anapoanza kula ili tumbo lisimsumbue sana. Choo kulegea ni kawaida kwa dawa hii. Kikiwa maji matupu au akitoka vipele mwili mzima, mrudishe hospitali.

Dawa za maji za kikohozi acheni zote. Zile za kutuliza kikohozi kwa mtoto mwenye makohozi zinamzuia kuyatoa, na zenye kodeini haziruhusiwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka 12, zinaweza kumpunguzia pumzi usingizini.

MamaMapacha

Friji hatuna, jirani anayeuza barafu amekubali kutuwekea. Nimeandika jina la Kulwa kwenye chupa. Bei ya dawa imetuuma, stoo ya hospitali ilikuwa imeisha tukanunua nje, ingawa chini ya miaka mitano hutakiwi kulipa.

NesiWaZamu

Poleni kwa hilo, linawaumiza wengi. Sasa la chumba. Kulwa ahamie kwako alale na mwenzake. Babu msokoto avutie nje kabisa, mbali na dirisha, na akitoka huko abadili shati kabla hajambeba mtoto. Jiko la mkaa liwake uani, na wakati wa kuwasha watoto wasiwe karibu. Ule moshi wa mwanzo ndio mbaya. Moshi peke yake hauleti makohozi yote haya, lakini njia za hewa hazitapona zikiendelea kuchomwa.

MamaMapacha

Mrejesho mwingine. Siku za mwanzo niliona kama alizidi kutoa makohozi, nikaogopa. Baadaye yakaanza kupungua, rangi ikabadilika kutoka njano. Kuna asubuhi aliamka hajakohoa nikaenda kumwekea kiganja mgongoni nihakikishe. Amemaliza dawa yote. Tumerudi kwa daktari, amemsikiliza amesema kifua kimesafika, na kupona huku kwa dawa ndiko kumethibitisha ugonjwa aliokuwa anaufikiria. Uzito sasa kilo 13.7. Tumepewa tarehe nyingine ya kumwona, na nikisikia majimaji tena kabla ya hapo nisisubiri tarehe.

Mama mkwe sasa ndiye anayewatangazia majirani kwamba watoto wa kikohozi wapelekwe wakasikilizwe mgongo. Mungu awabariki nyote.

Mnyamwezi_Halisi

Nimefuatilia uzi mpaka mwisho. Dada hongera, mtoto amepona. La kimeo naliacha kwa sasa, nina mpwa wangu Igunga alikuwa apelekwe, nimempigia simu mama yake tayari nikamwambia asubiri wampime kwanza.

Mgeni_Uyui

Samahanini kuingilia. Nimetafuta habari za kikohozi nikaukuta huu uzi. Wangu ana miezi minane, anakohoa tangu juzi, leo anapumua haraka na chini ya mbavu panaingia ndani. Kunyonya anakataa. Na mimi nikanunue hiyo Augmentin?

Tabibu_Sikonge

Hapana. Wa kwako ni jambo jingine kabisa. Mtoto wa miezi minane anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia tunahesabu ni nimonia, na mbavu kuingia ndani pamoja na kukataa kunyonya ni hatari ya leo leo. Usinunue chochote. Mfunike vizuri, mbebe akiwa wima, mpeleke kituo kilicho karibu sasa hivi, na ukifika usikae foleni, mwambie wa mapokezi "mtoto anashindwa kupumua".

Mgeni_Uyui

Tumepata bodaboda. Tunatoka.

NesiWaZamu

Ukifika tuandikie.

Mgeni_Uyui

Tumefika, wamemlaza. Wamemwekea oksijeni na sindano, wanasema ni nimonia. Amenyonya kidogo sasa hivi.

Tabibu_Sikonge

Vizuri. Aendelee kunyonya kidogo kidogo mara nyingi, na akichoka kamua maziwa wampe kwa kikombe. Na wakikuuliza kama katika nyumba yenu kuna anayekohoa zaidi ya wiki mbili, waambie ukweli wote.